Pikipiki Kubwa: Ya Lami au ya Nyika? Jibu Tulilipata Kabuta

Hakuna kambi wala kituo cha polisi tuingiapo na pikipiki yetu ambapo vijana hawaji kuizunguka. Mmoja atauliza bei, wa pili atauliza mwendo, wa tatu ataomba apigwe picha ameikalia. Maswali hayo twayajibu kwa furaha, maana chombo ni chetu na twakipenda. Lakini katika miaka kumi ya kumiliki pikipiki kubwa hatujapata kuulizwa swali lililo zito kuliko yote: siku itakapolala chini, nani ataiinua?

Twaandika makala haya kwa sababu ya deni. Miaka michache iliyopita koplo mmoja wa kikosi chetu alirudi kutoka kazi ya kulinda amani nchi za nje, akiwa na akiba yake yote. Alitujia kutaka shauri anunue pikipiki gani. Tulimweleza habari za silinda, tukamweleza nguvu za farasi, tukamweleza mwendo. Hatukumwuliza njia ya kwenda kwao ni ya namna gani, wala hatukumwuliza alijifunzia chombo gani. Alinunua pikipiki kubwa ya lami. Mwezi wa tatu, katika kipande cha changarawe kitenganishacho barabara kuu na kijiji chao, gurudumu la mbele lilimtoroka, na kilo karibu 300 zikamwangukia mguuni. Mguu ule haukupona sawasawa, na leo koplo yule si askari tena. Pikipiki haikuwa yetu, lakini shauri lilikuwa letu.

KOO MBILI

Pikipiki kubwa za safari ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa lami. Hizi zimekaa chini, zimevikwa kikingio kipana cha upepo, tairi zake ni pana na laini, na tandiko lake huwachukua watu wawili kwa raha kutwa nzima. Kampuni ya BMW ilitoa R 100 RS mwaka 1976, yenye kikingio kilichopimwa katika handaki la upepo. Honda ilitoa ST1100 mwaka 1990, yenye tangi la lita 28, na polisi wa nchi kadhaa za Ulaya wakaifanya chombo cha doria. Yamaha ilifuata na FJR1300 mwaka 2001, yenye silinda nne na tangi la lita 25.

Ukoo wa pili ni wa nyika. Hizi zimesimama juu, springi zake ni ndefu, gurudumu la mbele ni kubwa zaidi ili lipande mawe na kuvuka mashimo. Mwanzilishi wa ukoo huu katika pikipiki kubwa za siku hizi ni BMW R 80 G/S ya mwaka 1980, ambayo Hubert Auriol alishinda nayo mashindano ya Paris hadi Dakar mwaka 1981. Honda ilileta Africa Twin mwaka 1988, na Yamaha ikaleta XT1200Z mwaka 2010.

Anayetaka kuzipima koo hizi kwa haki na atazame BMW mbili zilizotumia injini moja, yaani R 1250 RT ya lami na R 1250 GS ya nyika. Zote mbili zilikuwa na sentimita za ujazo 1254 na nguvu za farasi 136. Lakini ya lami ilikuwa na uzito wa kilo 279 na tangi la lita 25, na ya nyika kilo 249 na tangi la lita 20. Injini ni moja. Tofauti yote imo katika kazi iliyokusudiwa. Na msomaji asidanganyike na neno nyika. Kilo 249 ni karibu magunia matatu ya mahindi.

Sisi tumezimiliki koo zote mbili. Ya lami tulikaa nayo miaka mitano, kisha tukamwuzia rafiki yetu, mkaguzi mstaafu wa polisi, nasi tukanunua ya nyika. Viwanda vilivyozitengeneza hatutavitaja, maana hatukutumwa kutangaza biashara ya mtu.

KUTOKA TUNDUMA HADI MANSA

Mwezi wa Julai, majira ya kiangazi, tulifunga safari mimi kwa yake na yeye kwa yake, kwenda kumwona sajini mstaafu wa jeshi la Zambia ambaye tulipata kutumika naye pamoja. Makazi yake ni Kabuta, wilaya ya Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Tulivuka mpaka Tunduma, tukaishika barabara kuu ya kaskazini hadi Mpika, tukapinda kuelekea Kasama, kisha Luwingu na Mansa.

Katika safari hiyo ya lami hapana shaka nani alikuwa bwana. Mkaguzi aliketi nyuma ya kikingio chake kama mtu aliye sebuleni. Sisi huku juu tulipigwa na upepo kifuani, na kila lori lililotupita lilitutikisa. Tulipobadilishana vyombo kwa saa mbili, tulikumbuka mara moja kwa nini tuliipenda ile ya zamani: haitetemeki, haichoshi, na mpanda nyuma aweza hata kusinzia, ingawa hatumshauri mtu kufanya hivyo.

Kati ya Mpika na Kasama tulisimama penye mto Chambeshi. Hapo pana mnara wa ukumbusho wa siku ambayo kila askari wa Afrika Mashariki yapasa aijue. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa lingali likipigana. Habari za amani zilisafirishwa kwa simu za maandishi na kwa mpanda pikipiki aliyepita katika njia za nchi hii, na tarehe 14 mapigano yakakoma. Jeshi lile liliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Tulimwambia Mkaguzi kwamba pikipiki ya tarishi yule ilikuwa nyepesi kuliko masanduku yake ya mizigo. Alicheka, maana hakujua ya mbele.

DAFTARI LA MMILIKI

Kabla hatujafika ziwani, tufungue daftari ambamo tumeandika matumizi yetu kwa miaka yote kumi. Katika mafuta tofauti ni ndogo: ya lami ilitupa wastani wa kilomita 17 kwa lita, ya nyika hutupa 18. Tairi la nyuma la ile ya kwanza lilikwisha kila baada ya kilomita 9,000 hivi; la hii ya pili hufika 12,000. Zote mbili huzungusha gurudumu kwa shafti, si kwa mnyororo, na hili ni jambo la kuzingatia mahali pa vumbi, kwani mchanga ukichanganyika na mafuta ya mnyororo huutafuna kama msasa.

Lakini gharama kubwa ni vipuri na mafundi. Tairi moja la nyuma la pikipiki hizi hulipia matairi yote mawili ya pikipiki ndogo, na mafuta ya siku nyingi juu yake. Kipuri kikikosekana dukani huagizwa ng'ambo, na chombo husubiri chini ya turubai. Tumewaona wastaafu walionunua pikipiki kwa kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho kikawavunja mgongo.

MCHANGA WA KABUTA

Kutoka Mansa tulishuka bonde la Luapula kupitia Mwense na Mbereshi hadi Nchelenge na Kashikishi, miji miwili iliyoungana kando ya maji. Sokoni Kashikishi tulishangaa kusikia Kiswahili kila upande. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na wafanyabiashara huvuka kwa mashua. Tena mwaka 2017 maelfu ya watu waliyakimbia mapigano ya Katanga wakaingia wilaya hii, na mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ya Zambia ilifungua makazi ya wakimbizi huko Mantapala.

Tulipofika Kabuta ilitubidi kuiacha barabara na kushika njia ya miguu iendayo ziwani, katikati ya mashamba ya mihogo. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga. Mkaguzi alitangulia. Hakufika mbali. Gurudumu la mbele lilizama, usukani ukageuka, na pikipiki ikalala ubavu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yeye alisimama salama, amevuliwa heshima tu. Wavuvi wanne walikuja kutusaidia kuiinua, tukaiacha chini ya mwembe penye duka la barabarani.

Sisi tulipunguza upepo wa tairi, tukasimama juu ya vikanyagio, tukatazama mbele na kushika mwendo usiobadilika, kama ipasavyo katika mchanga. Twakiri kwamba tulikuwa na majivuno. Hatua mia mbili hivi baadaye njia ilipinda ghafula, tukapunguza mwendo mahali pasipostahili, na ya nyika nayo ikalala chini.

Tulipokuwa tunahangaika nayo alitupita kijana juu ya pikipiki ndogo, kapu la chisense nyuma, dada yake amekaa juu ya kapu. Chisense ni dagaa wa ziwa lile. Alitusalimu, "Mwapoleni mukwai," akapita bila kuweka mguu chini. Pikipiki yake haikuzidi sana kilo 100.

Mwenyeji wetu alikuwa ameyaona yote kutoka barazani kwake. Alikuja akichechemea, mkono mmoja umeshika fimbo, akatupigia saluti kwa mkono wa pili.

"Karibu, afande," alisema kwa Kiswahili chake cha ziwani. "Mmetoka mbali sana kuja kulala njiani."

"Mzee, twaomba radhi kwa kuingia nyumbani kwako namna hii."

"Hapana radhi, mukwai. Hapa tunasema nao wanaonunua injini kubwa za mashua: uiulize kwanza itapandishwaje pwani."

Asubuhi yake Mzee alitakiwa hospitali ya St. Paul's, Kashikishi, kwa ajili ya goti lake. Tulitaka kumpakia juu ya pikipiki yetu. Alijaribu mara mbili, akashindwa kuupandisha mguu, kwa kuwa tandiko liko juu mno. Basi yule kijana wa chisense alimchukua kwa pikipiki ndogo hadi penye mwembe. Hapo Mkaguzi alimkalisha kwenye tandiko lake pana, akamfikisha Kashikishi bila mtikiso. Sisi na pikipiki yetu ya fahari tulifuata nyuma tumebeba fimbo.

SHAURI LETU

Je, askari anunue ipi? Safari ile imetufunza kwamba shauri ni lazima lianzie mwisho wa njia, si mwanzo wake. Hesabu kilomita zako za mwaka mzima. Iwapo karibu zote ni lami, na mara nyingi unampakia mwenzi wako, pikipiki ya lami itakupa raha isiyo na mfano. Iwapo lami na changarawe zimegawana nusu kwa nusu, nunua ya nyika, lakini ujue kuwa imetengenezwa kuvumilia njia mbaya, haikutengenezwa kuruka juu yake. Iwapo kituo chako kipo penye mchanga au matope, basi ndogo ya mtindo wa kijana wa Kabuta ndiyo itakayokufikisha kazini, na akiba yako itasalia benki.

Wala mtu asitoke katika pikipiki ndogo akarukia yenye nguvu za farasi 140. Apite kwanza katika ya kadiri, ajifunze breki na kona chini ya mwalimu, kama vile kuruta asivyokabidhiwa mzinga siku ya kwanza.

Tena ajifunze kuinua. Chombo kikilala, zima injini, na uhakikishe gia imeingia ili magurudumu yasizunguke. Kama kimelalia upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni. Kigeuzie mgongo, kunja magoti, usukani mkono mmoja, fremu mkono wa pili, kisha usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Usiinue kwa kiuno asilani.

Makala haya tutampelekea kwanza yule koplo. Hatuyapeleki kwa kutaka msamaha, maana hajapata kutulaumu. Twataka ajue kwamba swali lake tumelijibu, ijapokuwa kwa kuchelewa. Na kijana atakayetuzunguka tena kambini akauliza bei, tutamsogeza kwenye majani, tuilaze pikipiki chini mbele yake, na kumwomba aiinue peke yake. Akishaisimamisha, tutakaa naye tuzungumze habari za bei.