Mbele ya kutoa feza za AVEC: ni kifaa gani cha mukononi kinafaa kazi yako?

Wakati vikundi vya AVEC vinagawanya feza, maduka ya simu ya Birere kule Goma, ya Kadutu kule Bukavu na ya katikati ya muji wa Butembo yanajaa watu. Mutu anafika na feza alizoweka juma kwa juma, kwa miezi kenda ao mwaka muzima. Anaweza kutoka pale na kifaa kitakachomusaidia miaka tatu, ao na kile kitakachokufa mbele ya kikundi kumaliza duru ingine. Tofauti haitoki kila mara kwa bei. Mara nyingi inatoka kwa ulizo moja ambalo mununuzi hakujiuliza: kifaa hiki kitafanya kazi gani?

Ulizo hilo si la leo. Katika miaka ya 1990, watu wa ofisi Ulaya na Marekani walikuwa wanabeba mufukoni mashine ndogo zilizoitwa PDA, maana yake musaidizi wa mutu binafsi. Apple ilitoa Newton mwaka wa 1993, kisha Palm Pilot ikafika mwaka wa 1996. Palm Pilot haikuwa inapiga simu. Ilikuwa inaweka tu majina, nambari, tarehe za mikutano na maandishi mafupi, na batri zake mbili ndogo za kawaida ziliweza kudumu majuma kazaa. Kisha iPhone ya 2007 na simu ya kwanza ya Android ya 2008, kazi zote hizo ziliingia ndani ya simu.

Kwetu mashariki mwa Kongo, simu iliongeza kazi ingine: ikawa banki. Vodacom ilileta M-Pesa katika inchi mwaka wa 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pembeni yake karibu kila kona ya barabara. Banki zilipofunga milango katika muji wa Goma mwezi wa kwanza 2025, familia nyingi zilibaki kutegemea feza za simu ili kula, kulipa nyumba na kupokea musaada wa ndugu walio mbali. Kwa hiyo, anayekosea kuchagua kifaa anaweza kupoteza kitabu chake cha deni, majina ya wateja wake na njia ya kufikia feza zake.

Kazi kwanza, kifaa kisha

Mbele ya kwenda dukani, ni vizuri kuandika kwenye karatasi kazi tatu ambazo kifaa kitafanya kila siku. Si kazi kumi, ni tatu.

Mama anayeuza samaki ao unga anahitaji kupiga na kupokea simu, kutuma feza, na kujua nani ana deni lake. Kwa kazi hizo, simu ndogo ya vifungo pamoja na kaye ya karatasi inatosha. Kutuma feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money hakuombi intaneti: inatosha kuandika kodi kwa vifungo na kufuata maulizo. Batri ya simu kama hiyo inaweza kumaliza siku kazaa, na mwizi haitamani sana. Mwenye kumwambia kwamba bila simu kubwa hawezi kuendelea anataka tu kuuza.

Motari na mufanyabiashara anayepokea oda kwa WhatsApp wana mahitaji mengine. Wanahitaji simu ya Android yenye batri kubwa, kioo kinachosomeka kwenye jua na nafasi ya kadi mbili za SIM. Picha za hali ya juu hazina lazima kwao. Mushonaji ao muuzaji wa nguo anayeonyesha bizaa kwa picha, yeye aangalie kamera kwanza.

Mwanafunzi wa chuo anasoma vitabu vya PDF vyenye kurasa mia kazaa. Kwenye simu ndogo macho yanachoka. Tableti inamufaa zaidi, mradi akumbuke kwamba tableti zingine hazina nafasi ya SIM na zinatumika kwa Wi-Fi peke yake. Wengi wanagundua jambo hilo wakifika nyumbani.

Muuguzi wa kituo cha afya, ao kijana anayefanya maulizo kwa ajili ya shirika vijijini, anahitaji kifaa cha kujaza fomu. Mashirika mengi yanatumia KoboCollect, programu ambayo jina lake linatoka katika luga ya Kiacholi ya Uganda ya kaskazini. Programu hiyo ni ya Android, kwa hiyo iPhone haifai hapo. Inafanya kazi hata pasipo mutandao: fomu zinabaki ndani ya kifaa, kisha zinatumwa wakati mutandao unapatikana. Kinachohitajiwa ni batri ya siku nzima, GPS inayoshika vizuri, na kasha gumu la kuzuia mvua na kuanguka. GPS yenyewe haiombi mega. Inapokea alama kutoka satelaiti. Ni ramani tu inayopashwa kushushwa mapema.

Kuko pia PDA za kisasa za depo, nzito na ngumu, zenye jicho la kusoma alama za mistari kwenye makarto. Ni vifaa vizuri kwa kampuni yenye bizaa elfu nyingi. Kwa duka la kawaida, ni feza za bure: kamera ya simu inaweza kusoma alama hizo.

Umeme ndio unaamua

Mwenye kuishi Goma ao Bukavu anajua siku za umeme kukatika. Mwenye kuishi Walikale, Shabunda ao Fizi anajua kulipa kwenye kibanda cha sola ili kuchaji. Kwa sababu hiyo, nambari ya kwanza ya kutafuta kwenye karto ni ile ya batri, inayoandikwa mAh. Kwa simu ya Android ya kazi, 5000 mAh ni kipimo kizuri. Chini ya 4000, simu inaweza kuzimika mbele ya jua kuzama ikiwa mutu anatumia WhatsApp sana.

Pawabanki nayo inadanganya wengi. Ile ya 10000 mAh haijazi simu ya 5000 mara mbili. Umeme unapotoka batri moja kuingia ingine, sehemu inapotea njiani na kugeuka joto. Inajaza mara moja, na kubakiza kidogo. Mwenye kuhesabu siku mbili za safari ahesabu hivyo.

Batri yenyewe inazeeka. Simu ya okazioni yenye mugongo uliovimba, ao kioo kilichoanza kuinuka pembeni, isinunuliwe hata kwa bei ya chini. Batri iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Nambari zinazodanganya

Maduka yanapenda kuandika 8 GB, 12 GB ao zaidi. Mununuzi aulize: ni RAM ya kweli ao ya kuongezwa? Simu nyingi za bei ya chini zinaandikwa 8 GB lakini ndani muko 4 peke yake; zile zingine 4 zinakopwa kwenye memori ya kuweka picha, na memori hiyo ni ya polepole. Ukiona imeandikwa 4+4, hesabu 4. Kwa kazi ya kawaida ya WhatsApp, feza na fomu, RAM ya kweli ya 4 GB na memori ya 64 GB zinatosha. Memori ya 32 GB inajaa haraka, kwa sababu mufumo wa simu yenyewe unachukua sehemu kubwa mbele mutu hajaweka hata picha moja.

Kuko pia simu za kuiga, zenye jina kubwa mugongoni na nambari za uongo katika mipangilio. Dawa ni rahisi: omba muuzaji upige video ya dakika kazaa, uifungue, ufungue kamera na programu mbili kwa mara moja. Simu ya kuiga inakwama haraka, na picha zake zinakuwa na ukungu.

Umri wa mufumo ni jambo lingine. Tangu mwezi wa tano 2025, WhatsApp haikubali tena iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus, kwa sababu hazifiki iOS 15.1. Upande wa Android, mwisho wa 2023 iliacha simu zisizofika Android 5. Simu hizo zinaendelea kuuzwa kwenye meza za okazioni, zikiwa zimesafishwa na kungaa. Zinapiga simu na kuonyesha picha, lakini kwa biashara inayotegemea WhatsApp, hazina faida.

Jaribu na SIM yako

Simu zinazotoka Marekani ao Ulaya wakati mwingine zimefungwa kwa kampuni moja ya kule. Zingine zimefunguliwa, lakini hazishiki masafa yote ya 4G yanayotumiwa hapa. Muuzaji atasema kwamba itakubali kesho. Usingoje kesho: ingiza SIM yako pale pale, piga simu, fungua intaneti, na uangalie kama alama ya 4G inatokea. Ikiwa unatumia Airtel na Vodacom, jaribu zote mbili.

Tena, haifai kulipa zaidi kwa sababu ya 5G ikiwa mahali unapoishi hata 4G inakujia kwa shida. Feza hiyo iende kwenye batri ao memori.

Okazioni: nani alikuwa mwenyewe?

Simu ya okazioni inaweza kuwa nzuri kuliko mupya ya bei ya chini. Hatari yake ni mbili: kuwa ya wizi, ao kuwa imefungwa.

Kila simu ina nambari yake inayoitwa IMEI. Wakongomani wengi waliijua wakati wa RAM, orodha ya vifaa iliyoanzishwa mwaka wa 2020 na ARPTC, ambayo malipo yake yalikatwa kwenye uniti za watu na kuleta malalamiko makubwa mupaka ikasimamishwa mwaka wa 2022. RAM ilikwenda, lakini IMEI ilibaki na faida. Andika *#06# na nambari itatokea kwenye kioo. Inapashwa kufanana na ile ya karto na ile ya karatasi ya duka. Zikitofautiana, acha simu hiyo.

Kisha, muuzaji aondoe mbele yako akaunti yake ya Google ao ya iCloud, na simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, kisha iwashwe tena. Ikiomba neno la siri la mutu mwingine, haitakuwa yako hata siku moja. Mwishoni, omba karatasi yenye IMEI, tarehe, bei, na jina la muuzaji. Siku utakayokutwa na simu iliyoibwa, karatasi hiyo ndiyo itasema kwa niaba yako.

Kisha kununua

Bei ya kifaa haiishii kwenye kifaa. Kasha, kioo cha kinga, chaja nzuri na mega za mwezi vinaingia katika hesabu. Ni vizuri kuacha kando sehemu ya feza kwa vitu hivyo, kuliko kumaliza zote kwenye simu na kuitumia na chaja ya kuazima.

Siku ya kwanza, mambo mane yafanywe mbele ya kuweka muziki na picha. Funga kioo kwa kodi. Weka PIN kwenye SIM yenyewe, kwa sababu mwizi anaweza kuitoa na kuiweka katika simu ingine ili kujaribu feza zako. Lakini chunga karatasi yenye PUK, kwani kisha kukosea PIN mara tatu ndiyo utaombwa. Usiandike kodi ya M-Pesa ndani ya simu. Na nambari za watu kumi wa lazima, pamoja na IMEI, ziandikwe katika kaye inayobaki nyumbani.

Kuko jambo la tano, ambalo watu waliokimbia vijiji vya Masisi, Rutshuru ao Kalehe wanaelewa vizuri. Mutu akikimbia usiku, anabeba watoto na simu. Diploma na karatasi za shamba zinabaki. Picha safi za diploma, kadi ya uchaguzi, karatasi za kuzaliwa za watoto na zile za shamba zinaweza kuwekwa ndani ya simu, na nakala itumwe kwa ndugu wa kuaminika aliye mbali. Kazi hiyo haiombi simu ya bei kubwa. Inaomba kamera inayosoma maandishi na nusu saa ya utulivu.

Kwa hiyo, mwenye kushika feza za AVEC mukononi anaweza kujiuliza mambo matano mbele ya kulipa. Kazi zangu tatu ni zipi? Nitachaji wapi, na mara ngapi kwa juma? SIM yangu inakubali ndani yake? Ni nani alikuwa mwenyewe, na karatasi iko wapi? Na ikiibwa kesho asubui, nitapoteza simu peke yake, ao pia feza na kitabu changu cha deni? Akipata jibu kwa yote, anunue. Akikosa hata moja, meza za Birere zitakuwa pale kesho.