Bei ya Sekunde Moja Kwenye Vumbi la Naivasha

Kila Safari Rally inapokaribia, vijana huja gereji kwetu Unga Limited, Arusha, na swali lile lile: gari la mbio linakwenda spidi ngapi? Siwatajii namba. Nawapeleka kwenye benchi, nafungua shokapu iliyotoka mashindanoni na kumimina mafuta yake kwenye kopo. Niliyaweka yakiwa mekundu na safi. Yanatoka meusi, yananuka kuungua, na ukiyapeleka juani unaona unga wa chuma unametameta ndani yake. Ni kilomita chache tu za mawe zilizoyafanya hivyo.

Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Gurudumu likipiga jiwe, springi inajikunja, kisha inataka kuruka. Shokapu inayalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ule mruko wote unageuka joto. Kwenye gari la kwenda kazini hulisikii joto hilo. Kwenye gari la mbio shokapu haishikiki kwa mkono mtupu. Mafuta yakizidiwa na moto yanakuwa mepesi, gurudumu linaanza kudundadunda, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kutoka mwaka 2002, Thierry Neuville wa Hyundai aliianza Jumapili akiongoza. Shokapu ikamvunjikia kwenye kipande cha Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota.

Spidi ina hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unamaliza mita 28 hivi. Ukienda 200, mita 56. Lakini kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Upepo ni mbaya zaidi: kuupasua kwa spidi mara mbili, injini inatakiwa itoe nguvu mara nane. Ndiyo maana Bugatti Veyron ya mwaka 2005, iliyovuka kilomita 400 kwa saa, ilifungwa silinda 16, turbo 4 na nguvu za farasi 1,001. Kwa spidi hiyo ya mwisho, tangi lake la lita 100 lilikuwa linakauka kwa muda wa dakika kama 12.

Naivasha, kwenye njia za Safari, hakuna anayefika spidi hiyo, wala hahitaji. Adui wa kule ni vumbi laini kama unga wa ngano, ambalo madereva wanaliita fesh fesh. Juu linaonekana ni barabara tambarare, chini yake kuna mashimo na mawe yenye ncha. Likiingia kwenye injini linakwangua pistoni na silinda kama msasa, ndiyo maana magari mengi ya Safari hufungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa. Hata hivyo, chujio la hewa tukilitoa jioni tunaligonga chini na vumbi linatoka mafungu mafungu.

Pamoja na hayo yote, naelewa kwa nini watu wanauza kiwanja ili wakimbize gari. Kuna siku ya majaribio mteja wetu alinipakia kwenye kiti cha mwelekezi, kwenye njia ya shamba iliyofungwa. Mawe yalikuwa yanapiga bamba la chini ya injini kwa kelele iliyonifanya nisisikie hata pumzi zangu. Kando ya barabara hakukuwa tena na miti, kulikuwa na ukijani tu unaopita. Mbele yetu kikaja kilele ambacho nyuma yake sikuona kitu isipokuwa mbingu, na yeye akageuza usukani kabla hatujakifikia. Gari likatua likiwa tayari limeshaelekea kwenye kona. Tuliposimama nilimuuliza, "Bosi, ile kona uliiona?" Akanijibu, "Sikuiona, fundi. Iko kwenye daftari."

Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi hupita njia ile mara mbili, taratibu, wakiandika kila kona: ukali wake, upande wake, kama inabana mwishoni, kama kuna jiwe ndani. Siku ya mbio mwelekezi anasoma akiwa ametangulia kona moja au mbili. Dereva anaendesha barabara anayoisikia masikioni kuliko anayoiona. Watu wawili wanaweka roho zao kwenye mwandiko wa penseli. Mimi sijui kuaminiana kunakozidi huko, na kila nikifunga mikanda ya kiti cha mwelekezi naikaza mara ya pili.

Maana wanakufa. Mwelekezi Michael Park alifariki mwaka 2005 kwenye mashindano ya Wales. Dereva Craig Breen alifariki Aprili 2023 akifanya majaribio huko Croatia. Hao walikuwa ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, wamevaa helmeti, na ni mabingwa wa kazi yao. Kijana anayevuta kilomita 180 kwenye barabara ya Namanga usiku hana fremu, hana daftari, na mbele yake kuna mama anayevuka na ndoo. Akinitaka nimwongezee turbo ya kazi hiyo, simfanyii, hata alipe kiasi gani.

Anayekuja kwa nia ya mashindano namwambia pesa ya kwanza iende kwenye shokapu, breki na mwelekezi mzuri. Farasi watafuata. Safari yenyewe imelithibitisha hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1963 na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiwa na Subaru Vivio, kijigari cha injini ya cc 660, wakati magari mengi makubwa yalikuwa yameachwa njiani. Na Joginder Singh, aliyeanza kushika spana kwenye gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshakimbizwa na wengine.

Kwa kanuni za ubingwa wa dunia zinazoanza 2027, bei ya gari imewekewa kikomo cha yuro 345,000. Kwa timu za Ulaya huo ni unafuu mkubwa. Sisi tutasubiri magari hayo yachoke, yauzwe mitumba, kisha tuyafungue mpaka nati ya mwisho, na naamini mmoja wa vijana wanaokuja kuniuliza spidi atakaa nyuma ya usukani wa mojawapo.