TUTA LASHINDA RANGI

Wanafunzi wenzangu, miongoni mwa wanaofia barabarani nchini mwetu, waendao kwa miguu ndio wengi. Wengi wetu hudhani kivuko cha punda milia ni kinga tosha. La hasha! Rangi haisimamishi matatu. Kinachookoa ni kupunguza mwendo, na hesabu yake ni ile fizikia tunayoikimbia darasani.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto ghafla, sekunde nzima yaweza kupita kabla hajakanyaga breki; kisha gari huserereka mita kama 14 zaidi. Jumla 28! Kwa kilomita 30, jumla ni mita 13 hivi, barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha, ongeza.

Ndiyo maana mimi nalipenda tuta, madereva walitukane watakavyo. Kivuko kikijengwa juu ya tuta, dereva hana budi kupunguza mwendo, awe mwungwana asiwe.

Je, daraja la juu? Kwenye barabara pana kama ile ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, ni lazima. Lakini likiwekwa mbali, jamani, nani atazunguka na gunia la sukuma wiki kichwani? Watu watakatiza tu.

Na pale vibanda na pikipiki zilipoziba njia ya miguu, ukalazimika kushuka kando ya lami, shika upande wa kulia. Magari yetu hupita kushoto, basi yale ya karibu nawe utayaona yakija.