Kwa nini kansere haisikii neno "simama"



Katika somo la biolojia mmoja wetu aliuliza hivi: Mtu akijikata kidole na kisu, nyama inaota tena, kidonda kinajifunga, kisha mambo yanasimama. Nani anaiambia nyama kuota, na nani anaiambia kusimama? Wengine walicheka. Lakini ulizo lile ni kubwa, sababu ndani yake kuko habari ya kansere.

Sisi watu wa Kamina tunajua stesheni. Gari la moshi linalotoka Lubumbashi haliwezi kushika njia ya Kaniama ao ya Kabongo paka hivi tu. Linangoja sinyale. Basi, seli za mwili wetu ziko vilevile. Seli haijigawanyi kwa mapenzi yake, inangoja habari. Habari hiyo inaletwa na protini ndogo inayoitwa kichochezi cha ukuzi. Stanley Cohen, Mmarekani, aliipata moja katika tezi za mate za panya. Alipowadunga panya wachanga maji ya tezi zile, macho yao yalifunguka siku nyingi mbele ya wakati wake. Kwa kazi ya namna hiyo yeye na mama Rita Levi-Montalcini wa Italia walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1986.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Kichochezi hakiingii ndani ya seli ili kutoa amri yake. Kinabisha mlangoni. Kwenye ngozi ya seli kunasimama kipokezi, kichwa chake nje, mguu wake ndani. Kichochezi kikishika kichwa, vipokezi viwili vinakaribiana, na miguu yao kule ndani inatiana alama ya fosfati. Alama ile inaamsha protini nyingine, nayo inaamsha nyingine, mkono kwa mkono, mpaka ndani kabisa kwenye kiini. Kule jeni moja inayoitwa MYC inawashwa, nayo inawaamuru wengine wengi, na seli inajigawanya. Halafu inazimwa. Kipokezi kinamezwa na seli yenyewe, na protini ya MYC haikawii: katika muda wa karibu nusu saa, nusu yake imekwisha kuharibika. Ndiyo sababu kidonda kinajua kusimama.

Kansere ni sinyale iliyokwama. Pahali pa kukwama ni pengi. Katika kansere ya maziwa ya wanawake, karibu mmoja kati ya watano, seli imejaza vipokezi vya HER2 kwenye ngozi yake kupita kiasi, na habari ndogo inakuwa kelele. Tangu mwaka wa 1998 kuko dawa, trastuzumab, inayokwenda kushika kipokezi hicho kwa nje. Lakini mimi nataka kueleza kansere nyingine, ile iliyojulikana hapa kwetu Afrika.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago kule Kampala, munganga Denis Burkitt aliitwa kutazama kijana wa miaka karibu 5. Mataya yake yalivimba kuume na kushoto, juu na chini. Jino bovu haliharibu pahali pa nne mara moja! Nyuma ya majuma machache aliona mtoto mwingine wa namna ile kule Jinja. Mwaka wa 1961 yeye na waganga wawili wenzake, Williams na Nelson, walipanda motokari ya zamani, wakatembea majuma 10, karibu kilometa 16.000, wakiuliza katika kila hospitali: Mmeona ugonjwa huu? Walikuta kwamba unakaa katika inchi za joto na mvua, na kwamba kwenye milima ya baridi hauko. Ni ukanda uleule wa malaria. Kamina, kwenye urefu wa metre karibu 1.100, iko ndani yake.

Mwaka wa 1964, kule London, Epstein na wenzake Achong na mama Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Wengi walifikiri basi, mwizi amekamatwa. Lakini virusi hivyo, vya Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima duniani anavyo, vinapita katika mate, na watu hawaugui kansere. Kulikuwa na jambo lingine tena.

Jambo lile lilionekana polepole, kati ya 1972 na 1982. Seli inayougua ni ya damu, jina lake seli B, kazi yake kutengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Jeni ya silaha hizo iko kwenye kromosomu ya 14, na katika seli B hailali. Malaria ikirudi mara kwa mara, seli B zinajigawanya sana, na zinakata na kuunga jeni zao ili kutengeneza silaha nzuri zaidi. Siku moja kiungo kinakosewa: kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa na ya 14, na MYC inajikuta kando ya jeni isiyolala. Virusi navyo vinaisaidia seli iliyoharibika isife. Sasa hakuna anayebisha mlangoni, kipokezi kinaweza kunyamaza kabisa, na MYC inawaka usiku na mchana. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili katika siku moja ao mbili.

Lakini mbio hiyo ndiyo inayouponza. Dawa kama siklofosfamidi zinapiga seli zinazojigawanya, na uvimbe wa Burkitt unayeyuka mbele yake. Tangu miaka ya 1960 kule Kampala waganga waliona mataya ya watoto yakishuka katika siku chache. Katika inchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanapona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, na sababu kubwa ni kuchelewa. Mtoto anapelekwa kwanza kung'olewa jino, kisha kutafuta nani aliyemloga, na majuma yanapita. Wengine wanaanza dawa, uvimbe unashuka, wazazi wanafurahi, wanarudi kijijini mbele ya dawa kwisha. Seli chache zilizobaki hazikurudi kijijini.

Kwa hiyo mkimwona mdogo wenu meno yanalegea na taya linavimba, ao jicho linasukumwa nje, ao tumbo linajaa haraka, semeni nyumbani aende hospitali juma lilelile. Kule watakata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa mikroskopi. Na mkiulizwa kama ugonjwa ule unaambukiza: hapana. Mtoto yule ale sahani moja na wenzake, na alale nao mkeka mmoja.