Je, Wajua? Uzalishaji wa Tope la Pwani Hupimika

Masuguru, Korogwe, iko bara, lakini Mto Pangani unaopita Korogwe humwaga maji na tope lake Bahari ya Hindi, mjini Pangani. Huko, bamvua linapokupwa, ufuko hubaki wazi na uhai wake wote: kaa, kombe, konokono, minyoo.

Je, wajua kuwa wingi wa wanyama hao si sawa na uzalishaji wao? Kombe wazee huwa na uzito mkubwa lakini hukua kidogo mwaka mzima. Minyoo wadogo huzaliana na kuliwa upesi na ndege na samaki, hivyo kwa mwaka hutoa chakula kinachozidi mara kadhaa uzito wao wa siku moja.

Ili kupima uzalishaji huo, mtafiti huweka fremu ya mraba juu ya tope, huchimba, kisha huchekecha kwa matundu ya milimita 1 au nusu yake. (Matundu makubwa ni hasara: wanaopenya ndio mara nyingi wanaokua haraka.) Wanyama hukaushwa, hupimwa, kisha huchomwa tanuruni kwa takriban nyuzi joto 500. Uzito unaopotea ndio nyama; majivu ni madini tu. Uzito huo wa nyama huzidishwa kwa uwiano wa uzalishaji wa mwaka kwa uzito, ambao kwa wanyama wa miaka mingi huwa chini ya 1, na kwa wa miezi michache huweza kupita 5.

Basi tunapopanga kiasi cha kombe cha kuokotwa, tusitazame ndoo ya leo pekee; tupime kwanza kasi ya kukua kwao.