Bao kwa barua pepe

Wazee wengi hapa walizoea kucheza bao na vijana wao ambao sasa wamehamia Marekani au Kanada. Mchezo haujaisha, jamani. Bao halina dadu wala siri, kete zote 64 ziko wazi, kwa hiyo kila mmoja aweke bao lake na asogeze kete za pande zote mbili.

Kwanza mkubaliane sheria: bao la Kiswahili si igisoro, hata kama mashimo ni 32 kote. Halafu safu nne ziitwe A, B, C na D, na mashimo yahesabiwe 1 mpaka 8 kuanzia upande uleule. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia! Kulia kwa mzee ni kushoto kwa mpinzani wake. Msiandike kulia wala kushoto, andikeni “C5 kwenda 8”.

Nyumba nayo ina mambo yake. Mkiwa bado mnanamua, aliyekula akiishia nyumbani kwake anaweza kulala au kusafiri. Asipotaja, mwenzake atauliza, na wiki inapita bure mpaka mtu afike tena kwenye kompyuta.

Chini ya barua andikeni hesabu ya kete za kila mmoja, za mkononi pia. Isipofika 64, rudini barua ya nyuma.

Tumezoea kuandikia ndugu habari za ugonjwa na pesa tu. Kijana akisoma “C5 kwenda 8, nasafiri”, anajua babake bado ana akili kali. Mjukuu aandike tu, asimchezee.