Kwa nini dereva wa Malaba hapangi mabehewa Kampala

Swali huja vilevile kila reli inapotajwa mbele ya wafanyabiashara wa Kampala. Dereva ameleta treni ya mizigo kutoka Malaba, injini anayo, mafuta yamo, yeye mwenyewe yuko kitini. Kwa nini ashuke, halafu aje dereva mwingine na kikosi kingine kuyapanga mabehewa yale yale yadini? Anayeuliza hutabasamu, maana anaamini amekamata uvivu wa chama cha wafanyakazi peupe. Kisha hutoa dawa: unganisheni vikosi viwili kiwe kimoja, mtapunguza gharama nusu kwa nusu.

Nimeijibu dawa hiyo kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naijibu kwa maandishi.

Tuanze na saa, kwa sababu waulizaji wote huziruka. Kutoka Malaba hadi Kampala ni kama kilomita 250 za reli ile ya zamani, yenye upana wa mita moja. Chukua treni inayokwenda kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, ukihesabu kusubiri kupishana na kupunguza mwendo kwenye kona na madaraja: saa 10 zimekwisha njiani. Hapo hujahesabu muda wa kukagua injini, kujaribu breki na kungoja karatasi za mpakani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka wiki ya kazi ya saa 48. Kwa makubaliano unaweza kuzidisha, mwisho saa 10 kwa siku na 56 kwa wiki, na kila saa inayozidi 8 kwa siku unailipa mara moja na nusu. Kwa hiyo huyo dereva mnayemwona ni wa bure amefika mwisho wa siku yake ya kisheria kabla hajaingia stesheni ya Kampala, na kila saa mnayomwongezea yadini ina bei kubwa kuliko ya dereva aliyetoka kulala. Hiyo nusu iliyookolewa iko wapi?

Najua kuna atakayekimbilia kifungu cha wafanyakazi wa zamu, kinachoruhusu saa kuhesabiwa kwa wastani wa wiki tatu. Kipo. Lakini wastani wa wiki tatu haumwamshi mtu anayesinzia saa tisa usiku akiwa anarudisha nyuma mabehewa ishirini.

Hoja ya pili wanayoipenda ni ya lori. Dereva wa lori la Mombasa, wanasema, hurudisha tela lake mwenyewe mpaka mlangoni mwa bohari. Hurudisha, ndiyo, ila akiwa na tanboi nyuma anayegonga bodi na kupiga kelele rudi, rudi, simama. Tela ni moja, ana vioo viwili, na akikanyaga breki lori linasimama papo hapo. Treni ina urefu wa mamia ya mita. Dereva wake haoni mkia, na mzigo wote huendelea kumsukuma baada ya breki kushika. Tanboi wa treni ndiye shanta, na shanta ni mtu wa yadi.

Mtazameni akifanya kazi. Anasimama pembeni ya reli, upande ambao dereva anamwona, taa mkononi ikiwa usiku. Anaita treni irudi polepole mpaka vifungio vya mabehewa vigusane na kujifunga. Anasimamisha. Sasa ndipo anaingia katikati, kati ya behewa na behewa, kuunganisha hosi za upepo wa breki na kufungua valvu zake. Muda wote huo uhai wake uko katika mkono wa dereva asiyemwona. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni moja dunia nzima: ishara ikipotea machoni, au redio ikinyamaza, unasimama hapo hapo, huulizi. Dereva wa yadi amezoea sauti ya shanta wake, anajua ni njia ipi ina mteremko na behewa lipi halikufungwa breki ya mkono. Aliyetoka Malaba hajui hayo, na baada ya saa 10 hana akili ya kujifunza.

Na yadi ya Kampala haikuzungushiwa ukuta wa peke yake. Mabehewa ya Port Bell hupita Namuwongo, watu wanakoishi na kuuza nyanya hatua chache kutoka kwenye reli, na watoto huitumia njia hiyo kama barabara ya mtaa. Mabovu huenda Nalukolongo kwenye karakana. Mengine ni ya kushusha mzigo hapa hapa. Kuyachambua ni kazi ya mtu aliyeamka nayo.

Wakishindwa kwa saa na kwa usalama, hunirushia Marekani: eti kule walifuta mpaka kati ya watu wa njia kuu na watu wa yadi. Si kweli. Kule kwa miaka mingi kikosi cha safari ndefu kililipwa kwa maili, siku moja ya malipo ikiwa maili 100, na kikosi cha yadi kililipwa kwa saa. Aliyetoka safari akisogeza mabehewa yasiyomhusu, watu wa yadi walidai malipo ya siku nzima, na mara nyingi walilipwa. Mwaka 1985 waajiri na chama walikubaliana kitaifa kwamba kikosi cha safari kiweze kuchukua na kuacha mabehewa ya treni yake chenyewe, kwa namna zilizotajwa kifungu kwa kifungu. Mpaka ulichorwa upya mezani, kwa bei. Na sheria yao inamsimamisha mfanyakazi wa treni akitimiza saa 12, hata akiwa porini, aje mwingine kuichukua.

Hapa kwetu, mkataba wa kuikodisha reli ulioanza Novemba 2006 ulikuwa wa miaka 25. Serikali ikairudisha reli mikononi mwa Shirika la Reli Uganda mwaka 2018. Kilio cha miaka ile kilikuwa injini mbovu na njia mbovu. Dereva akifanya kazi mbili, injini iliyokufa haifufuki.

Kugawana kazi kunawezekana, tena kuna faida, ila kwa njia hizi. Kikosi cha safari kiache treni nzima au kipande kimoja kwenye njia moja iliyopangwa, shanta akiwa chini anakipokea, kisha kiondoke. Idadi ya miendo iandikwe: mmoja, miwili, basi. Saa ya kwanza ya kazi ya dereva ifuate treni kwenye karatasi, na akifikisha saa 9 asiguse yadi kabisa. Treni fupi za Kampala, Namanve, Mukono na Port Bell zipewe kikosi chao kinacholipwa kwa saa na kinachofanya kazi zote mbili, kwa sababu safari yao ni fupi na yadi wanaijua. Madereva wawe kwenye orodha moja ya ukongwe, wapokezane njia kuu na yadi kwa miezi, kila mmoja akiwa na cheti cha yadi husika. Posho ya kazi ya ziada itajwe kwa shilingi, isiachwe kwa huruma ya msimamizi wa zamu. Yote yatiwe saini na chama cha wafanyakazi. Katiba ya 1995, ibara ya 40, imewapa haki hiyo ya kujadiliana kwa pamoja.

Oktoba 2024 serikali ilitia saini na Yapi Merkezi mkataba wa kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa, Malaba hadi Kampala. Upana wake ni milimita 1,435, ya zamani ni 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule, na mzigo unaobadilisha reli utahamishwa kwa mikono na mashine. Kazi ya yadi itaongezeka. Nawaomba wanaoandaa masharti ya ajira ya reli hiyo waketi na chama sasa, treni ya kwanza haijafika, waandike nani anapanga mabehewa, kwa saa ngapi na kwa malipo gani.